Uzito wa Kishaufu: Uhakiki wa Mikoba ya Karagwe na Kyerwa

Katika maandishi mengi yahusuyo utamaduni wa taifa letu, ngoma zimepata nafasi yake, mashairi yamepata yake, na vinyago navyo havikusahauliwa. Lakini ipo sanaa moja ndogo ipitayo mbele ya macho yetu kila siku, sokoni, kanisani na kwenye vituo vya mabasi, nasi hatuitazami. Ni sanaa ya kuupamba mkoba. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki sanaa hiyo kama ionekanavyo leo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera, wilaya ambazo zilikuwa moja mpaka mwaka 2012. Tutaihakiki kwa vipimo vile vile tunavyovitumia tunapohakiki shairi au mchezo wa kuigiza, yaani fani na maudhui.

Msomaji huenda akauliza: je, kuna haja gani ya kupoteza wino kwa ajili ya kidoli cha plastiki kinachoning'inia kwenye zipu? Jibu letu ni kwamba utamaduni wa watu haukai katika mambo makubwa peke yake. Mtu huchaguliwa nyumba na kipato chake, na nguo yake ya kazi huchaguliwa na mwajiri. Lakini kile anachokitundika mkobani amekichagua mwenyewe, bila ya kulazimishwa na haja yoyote. Mkoba ungebeba vitu vyake vizuri tu bila ya pambo hilo. Kwa hiyo hapo ndipo tunapoweza kumwona mtu akisema jambo kwa hiari yake. Kazi ya mhakiki ni kusikiliza linalosemwa, na kama hakuna linalosemwa, kulitaja hilo pia.

Kwa kukosa jina moja linalokubaliwa na wote, vitu hivi tutaviita vishaufu, neno la zamani la mapambo madogo madogo ya urembo. Ama neno mkoba lenyewe, tusilipite upesi. Mtu akishika kazi ya aliyemtangulia, husemwa kwamba amerithi mikoba yake. Usemi huu hautukumbushi duka la mabegi. Unatukumbusha mganga, ambaye mkoba wake ulikuwa na dawa, hirizi, na elimu yote aliyoachiwa na waliomfundisha. Basi katika lugha yetu mkoba ulikuwa na uzito tangu zamani, na vitu vilivyofungwa juu yake au kutiwa ndani yake havikuwa vya mchezo.

Mapambo ya ikulu ya Karagwe

Hapana budi tuanze na historia, kwani Karagwe ni nchi yenye historia ndefu ya mapambo. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri wawili wa Kiingereza, Speke na Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, Speke ameeleza jinsi alivyomkuta mfalme na nduguye Nnanaji wameketi pamoja. Mfalme alikuwa amevaa joho jeusi la Kiarabu, bila ya makuu. Pambo lake lilikuwa shanga za rangi zilizofunika miguu yake na vikuku vya shaba nyekundu vilivyotengenezwa kwa ustadi. Nduguye, ambaye alijihesabu kuwa mganga mkubwa, alikuwa amefunikwa na hirizi.

Tunaomba msomaji aitazame picha hiyo kwa makini, maana ndani yake mna mambo mawili yatakayotusaidia. Kwanza, katika nyumba moja, siku moja, ndugu wawili wamejipamba kwa namna mbili, na kila namna inasomeka. Mwenye mamlaka amejipunguzia. Mwenye dawa amejizidishia. Mgeni asiyejua hata neno moja la Kinyambo aliweza kutambua kwamba huyu ni mfalme na yule ni mganga. Pili, joho la mfalme lilitoka mbali. Shanga nazo zilitoka mbali zaidi, kwani shanga nyingi zilizopita katika njia za misafara wakati ule zilitengenezwa Venice, nchini Italia. Kauri zilitoka Bahari ya Hindi. Vitu hivi vilipitia Tabora na kufika Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu kilichokuwa karibu na makao ya mfalme, Bweranyange. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba zamani mapambo yetu yote yalikuwa ya hapa hapa, na kwamba uchafu wa kigeni umeanza juzi, hawaitendei haki historia. Mfalme wa Karagwe alijipamba kwa vitu vya ng'ambo, wala hakuacha kuwa mfalme wa Karagwe.

Lakini tusiishie hapo. Pamoja na vitu vya ng'ambo, ikulu ile ilikuwa na kazi za mafundi wake. Stanley, aliyefika mwaka 1876, aliona hazina ya mfalme, na humo alikuta sanamu za bata zilizofanywa kwa shaba ya manjano na kutiwa mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba wasiokuwa na vichwa. Wataalamu wa baadaye wameandika juu ya ng'ombe wa chuma na fuawe zenye umbo la pembe katika vyombo vya ufalme huo. Chuma kilikuwa chuma cha nchi, kilichoyeyushwa na kufuliwa na wahunzi waliojulikana. Ng'ombe alikuwa mali na heshima. Mhunzi alikuwa chanzo cha jembe na mkuki. Basi ng'ombe wa chuma alikuwa sentensi nzima juu ya utawala, iliyoandikwa na nyundo.

Tena kuna hadithi ya ngoma, ambayo Rumanyika mwenyewe alimsimulia mgeni wake. Baba yake Ndagara alipofariki, wana watatu waligombea kiti. Mbele yao iliwekwa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyokuwa imesheheni hirizi. Kwa asiyestahili, ngoma ile ilikuwa nzito isiyoinulika. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo. Hatuna haja ya kuuliza kama jambo hilo lilitokea hivyo. Tunachojifunza ni fikira iliyomo: kwamba kitu kidogo kilichofungiwa vitu vidogo chaweza kuwa na uzito ambao mizani haiuonyeshi. Uzito huo ulitoka katika yale waliyoyajua watu wote waliokuwa wakitazama. Hicho ndicho kipimo tutakachokitumia katika makala haya: je, kishaufu cha leo kina uzito gani?

Mtindo wa dunia nzima

Sasa tuje katika zama zetu. Kuupamba mkoba kwa vishaufu ni mtindo uliovuma dunia nzima katika miaka hii ya 2020. Wanaoufuata mara nyingi humtaja Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Ufaransa. Kampuni ya Hermès ilimtengenezea mkoba katika miaka ya 1980 na kuupa jina lake. Mwenyewe hakuutunza kama yai. Aliutia shanga, akaubandika karatasi za mambo aliyoyaunga mkono, akautumia mpaka ukachakaa. Mkoba wake wa kwanza uliuzwa katika mnada mjini Paris mwezi Julai 2025 kwa yuro milioni 8.6, miaka miwili baada ya kifo chake. Tazama jinsi biashara inavyofanya kazi: mwanamke alitundika vitu vyake ili mkoba usifanane na mikoba ya wengine, na sasa maelfu ya watu hununua vitu vya aina moja ili mikoba yao ifanane na wake.

Mfano wa pili ni Labubu, kidubwana chenye masikio marefu na meno yaliyochomoza. Kilichorwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015, na baadaye kikatengenezwa na kuuzwa na kampuni ya Pop Mart ya Uchina. Kuanzia mwaka 2024, baada ya mwimbaji Lisa wa kundi la Blackpink kuonekana nacho, kilianza kuning'inia kwenye mikoba ya matajiri. Kwa kawaida huuzwa ndani ya kisanduku kisichoonyesha kilichomo, hivyo mnunuzi hajui atapata cha rangi gani mpaka amekwisha kulipa. Hii ni bahati nasibu iliyovikwa manyoya. Viigizo vyake vya bei nafuu vilienea upesi kuliko vyenyewe.

Hatushangai kwamba vitu hivyo vimefika Kayanga na Omurushaka. Barabara iletayo sukari na simu huleta pia vidoli. Tena hamu ya kitu king'aacho si jambo jipya katika njia hiyo. Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, ameandika majina ya shanga nyekundu zilizopendwa sana bara. Moja lilikuwa na maana ya kimaliza-chakula, kwa kuwa mtu aliweza kuuacha mlo wake ili azipate. Jingine lilikuwa na maana ya kivunja-mji, kwa madai kwamba wanawake wangejifilisi wao na waume zao kwa ajili yake. Tuyaweke majina hayo akilini, hasa hilo la pili, ambalo linamtwika mwanamke peke yake lawama ya biashara iliyoendeshwa na wanaume kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho wake.

Mikoba mitatu

Uhakiki usiotazama kazi yenyewe ni maneno matupu. Kwa hiyo tumechagua mikoba mitatu kati ya mingi tuliyoiona, nasi tutaisoma mmoja mmoja.

Mkoba wa kwanza tuliuona Kayanga, begani mwa binti anayefanya kazi ya uwakala wa fedha za simu. Ulikuwa mweusi, wa ngozi ya bandia, na zipu yake ilikuwa imebeba mzigo: pumba la manyoya bandia ya rangi ya waridi, kidubwana cha plastiki chenye meno, herufi mbili za bati, ufunguo wenye kutu, na kifungo kikubwa cha shati kilichofungwa kwa uzi mweusi. Kwa upande wa fani tuliuona kuwa umeshindwa. Vitu vilisongamana bila mpango, rangi ya waridi ilimeza nyingine zote, na binti alipotembea mkoba uligonga-gonga kama ndoo ya kisimani. Tunakiri kwamba tulikuwa tumekwisha kuiandaa hukumu yetu, na neno kasumba lilikuwa limefika kwenye ncha ya kalamu.

Lakini mhakiki mwema huuliza kwanza. Baada ya shikamoo na marahaba, tukamwuliza binti maana ya vitu vile.

"Hiki kidubwana aliniletea kaka yangu," alisema. "Ni mshahara wake wa kwanza alipopata kazi Mwanza. Ufunguo ni wa nyumba ya bibi."

"Bibi yuko wapi, mwanangu?"

"Alishatutoka, mzee. Na nyumba imeanguka. Ufunguo umebaki."

"Na kifungo?"

"Cha shati la baba," akasema, akakigeuza ili tukione vizuri.

Hatukuendelea kuuliza. Mkoba ule tuliouhukumu kuwa hauna maudhui ulikuwa na maudhui mazito kuliko mashairi mengi tuliyowahi kuyasahihisha. Kidubwana kilichotoka kiwandani bila maana yoyote kilikuwa kimepewa maana na mshahara wa kijana mmoja. Fani ilikuwa dhaifu, ndiyo. Ufunguo na kifungo, ambavyo ndivyo kiini cha kazi, vilikuwa vimefichwa nyuma ya manyoya. Lakini udhaifu wa fani ni jambo lenye kurekebishika. Kama binti yule angeliondoa pumba la waridi na zile herufi za bati, mkoba wake ungekuwa kazi kamili.

Mkoba wa pili tuliuona katika duka linalowangojea wageni. Ulishonwa kwa kitenge, na kwa kuutazama mara moja ungesema ndio mkoba wa kizalendo. Juu yake zilibandikwa kauri nyingi, pakatundikwa twiga wa mti, bendera ya taifa ya bati, na jina la nchi yetu kwa herufi za shanga. Mishono ilinyooka na rangi zilipatana. Tukauliza ni nani aliyeutengeneza. Muuzaji akasema ulikuja na mzigo; aliyeufanya hamjui. Tukauliza kauri zile zina maana gani. Akasema wageni wanazipenda. Tulipozigusa, mbili zikabanduka, kwa kuwa zilishikwa na gundi na hazikushonwa.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkoba huu una alama zote za utaifa, lakini alama hizo hazisemezani. Twiga hajui kwa nini yuko karibu na kauri, na bendera imewekwa pale kama muhuri wa ofisi juu ya barua isiyokuwa na maneno. Fani yake ni nadhifu, maudhui yake ni matupu. Tunasema hivi kwa makusudi, kwa sababu katika mijadala ya utamaduni mkoba wa namna hii husifiwa, na mkoba wa yule binti wa Kayanga hulaaniwa. Sisi tunaona kinyume chake. Kitu hakiwi cha taifa kwa kubandikwa bendera.

Mkoba wa tatu ulikuwa Nkwenda, wilayani Kyerwa, nyumbani kwa mama mmoja msusi. Ulisukwa kwa nyuzi za mgomba na nyasi, mistari myeusi ikipishana na ya rangi ya nyasi kavu. Kwenye mkono wake kilining'inia kikasha kidogo mno kilichosukwa, chenye kifuniko, na chini yake kamba fupi yenye buni tano za kahawa. Kila mtu wa Kagera akikiona kikasha kile anakifahamu. Ni mfano mdogo wa chombo cha kuwekea kahawa ya kutafuna, ile ambayo mgeni hukaribishwa nayo kabla ya maneno hayajaanza, na ambayo zamani ilitumiwa na watu waliochanjiana udugu. Msusi amekichukua chombo cha ukarimu, akakipunguza mpaka kikawa kishaufu, lakini hakukipunguzia maana. Mwenye mkoba ule hutembea akiwa amebeba karibu yake begani.

Hata hivyo, heshima tuliyo nayo kwa kazi ile haituzuii kutaja kasoro zake. Mkono wa mkoba ni mwembamba, nao hukata bega ukijaa vitabu. Buni hazikukaushwa vya kutosha, na moja ilikuwa imekwisha kubunguliwa na wadudu. Uzi ulioshika kifuniko hautamaliza mwaka. Mama alikubali yote hayo. Akaongeza neno moja ambalo linafaa kufikiriwa na kila anayehubiri juu ya kazi za mikono: "Watu hulipia nyasi, waitu. Mkono hawaulipii."

Hofu ya kauri

Kisha akatueleza jambo jingine. Mkoba ule haukuwa na buni hapo mwanzo. Alimsukia mjukuu wake aliyekuwa akienda chuo cha ualimu, na mahali pa buni alitia kauri tano alizoachiwa na mama yake mzazi. Baada ya muhula mmoja binti alirudi, akamwomba nyanya yake azikate. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba amebeba vitu vya kishirikina, na baadaye utani ukawa minong'ono. Hakuna aliyetaka kitanda chake kiwe karibu na mkoba ule. Bibi akazikata kauri, akazifunga katika kitambaa, akatia kahawa.

Hapa ndipo penye jeraha, na hatuna budi kuligusa. Ni kweli kwamba katika nchi zote za Maziwa Makuu kauri na shanga zilivaliwa na waganga na waaguzi, wale walioitwa embandwa, walioitumikia mizimu ya akina Wamara na Mugasha. Lakini ni kweli vile vile kwamba kauri ilikuwa fedha. Ilinunua chumvi, mbuzi na jembe. Ilikuwa pambo la mtoto na hesabu ya mahari. Dini mpya zilipopambana na uaguzi, na serikali ya kikoloni ilipotunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928 na kufanya kuwa na vyombo vya uchawi kuwe kosa, watu hawakufundishwa kutenganisha matumizi hayo. Kauri yote ikatupwa katika kapu moja. Mtu ana haki kamili ya kuiacha imani ya mababu zake, na dini yake iheshimiwe. Lakini kuiacha imani si lazima kuwe ni kuyaogopa magamba ya bahari.

Matokeo yake ni kichekesho kichungu. Binti wa leo haogopi kutundika kidubwana chenye meno kilichobuniwa ng'ambo, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiamini. Anaogopa kauri ya bibi yake, kwa sababu kuna wakati ilimaanisha kitu. Yaani tunavumilia kishaufu kwa sharti kwamba kisiwe na uzito. Tena hata kinga hiyo si kamili. Mwaka 2025 palienea uvumi katika nchi nyingi kwamba Labubu ni sura ya Pazuzu, pepo wa Mesopotamia ya kale, na wapo waliokichoma moto kidoli hicho. Uvumi huo haukuwa na msingi wowote. Lakini unatuonyesha kwamba hofu haikai ndani ya gamba wala ndani ya plastiki. Hukaa ndani ya mtazamaji asiyejua anachokitazama. Dawa ya hofu hiyo ni maarifa.

Si kazi ya fimbo

Wako watakaosoma mpaka hapa na kusema: basi vipigwe marufuku vidoli, na kauri zirudishwe kwa amri. Sisi hatukubali. Taifa letu limewahi kulijaribu jambo hilo. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 mavazi kama minisketi, suruali za kubana na wigi, pamoja na dawa za kujichubua, yalipigwa vita mjini Dar es Salaam. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini kabla hata ya siku ya kuanza haijafika, makundi ya vijana yaliwasumbua na kuwashambulia wanawake Kariakoo na kwenye vituo vya mabasi. Aliyenunua sketi alipigwa. Aliyeileta na kupata faida hakuguswa. Ni lile lile jina la shanga, kivunja-mji, lililorudi kwa sura nyingine. Uhakiki unaoishia katika kumvua mwanamke kitu alichokivaa si uhakiki wa utamaduni.

Tena marufuku huondoa kitu bila ya kuweka kingine. Mfano mwema zaidi ni ule wa mifuko ya plastiki, iliyokatazwa nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Mifuko ya rambo ilipotoweka madukani, vikapu vilipata nafasi ya kurudi sokoni. Lakini nafasi hiyo iligombewa pia na mifuko mbadala ya viwandani, iliyo rahisi zaidi, na msusi asiyekuwa na mtaji wala soko la uhakika hakuweza kushindana nayo kwa bei. Amri ilifungua mlango. Haikumpa msusi nauli ya kuufikia.

Funzo jingine tunalipata katika kanga. Kwa miaka mingi kanga zetu zilichapwa ng'ambo, India, Ulaya na Japani. Hazikuwa za Kiswahili kwa kiwanda. Zilikuwa za Kiswahili kwa sababu wanawake wa pwani walizitia maneno, wakazifanya zisalimie, zibembeleze na zijibu matusi. Ugeni wa kitambaa ulishindwa na usemi wa mwenye kuvaa. Hivyo ndivyo Rumanyika alivyoshinda ugeni wa shanga, na ndivyo binti wa Kayanga alivyoushinda ugeni wa kidubwana chake.

Kipimo tunachokipendekeza

Kutokana na hayo yote, tunapendekeza kwamba kila kishaufu kipimwe kwa maswali matatu. La kwanza: kinasema nini, na ni nani anayeweza kukisoma? La pili: mkono wa nani umekifanya, au umeongeza nini juu yake, na je, mkono huo umelipwa? La tatu: kimefungwa kwa namna ya kudumu, au kitabanduka kwa kuguswa? Swali la kwanza ni la maudhui, la tatu ni la fani, na la pili ni la haki. Tusiulize kwanza kimetoka wapi. Swali hilo lingewatoa mfalme na mganga wote wawili nje ya ikulu yao wenyewe.

Kwa maswali hayo, mkoba wa duka la wageni unaanguka, ijapokuwa umevaa bendera. Mkoba wa Kayanga unafaulu katika maudhui na kusubiri fani. Mkoba wa Nkwenda unakaribia kufaulu katika yote, isipokuwa hapo penye swali la pili, na kosa hilo si la msusi. Ni letu sisi wanunuzi, tuliozoea kumpunguzia bei mama wa kikapu huku tukilipa bila neno bei iliyobandikwa kwenye kidoli.

Yako ya kufanyika. Walimu wa sanaa katika shule za wilaya hizi mbili wanaweza kuwapeleka wanafunzi kwa wasusi, wakajifunza kukausha buni, kupinda ukingo na kupanua mkono wa mkoba ili usikate bega. Maofisa utamaduni wanaweza kuyaandika majina ya mishono na mapambo kabla waliyo nayo hawajaondoka nayo. Historia ya Karagwe imekwisha kuandikwa na mwanachuoni wetu Israel Katoke, katika kitabu kilichotolewa Nairobi mwaka 1975. Vijana wa Kayanga na Nkwenda wanastahili kujua kwamba nchi wanayoikanyaga iliwahi kuwa na wahunzi walioandika kwa chuma. Na anayenunua mkoba anaweza kuuliza jina la aliyeusuka. Swali hilo halina gharama, nalo huongeza uzito.

Tulipoaga Nkwenda, yule mama aliingia ndani, akatoka na kile kitambaa, akakifungua. Kauri tano zilikuwamo, zimeng'aa kwa kushikwa na vizazi. Tukamwuliza atazifanyia nini. Akasema atazishona tena siku mjukuu wake atakapomaliza chuo na kupewa darasa, kwa kuwa mwalimu ndiye atakayeweza kuwaeleza watoto kwamba hizo ni fedha za zamani. Akazifunga tena, akazirudisha mahali pake.

Sisi tunaamini mama huyo ameieleza sera ya utamaduni kwa ufupi kuliko tulivyoweza katika kurasa hizi. Kishaufu hakitetewi kwa amri wala kwa majuto. Hutetewa na mtu anayejua kilivyofanywa na anayeweza kukieleza mbele ya wengine bila kuona haya. Siku binti yule atakaposimama mbele ya darasa na mkoba wake begani, kauri tano zitakuwa nyepesi kwake kama ngoma ile ya Bweranyange ilivyokuwa kwa aliyestahili kuinyanyua.